Zamu ya Minza

Mwalimu Cletus alipolitaja jina la Minza Machibya, mkutano wote ulinyamaza kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje ya darasa la sita, akina mama upande mmoja, wanaume upande wa pili, na mpaka hapo kila jina la mtoro lilikuwa limesindikizwa na minong'ono na vicheko. Hili halikusindikizwa na chochote. Meza ya mbele, bega kwa bega na mwalimu mkuu, alikuwa amekaa Machibya mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya shule, baba yake Minza.

"Rudia hapo, mwalimu," Machibya alisema.

"Minza Machibya, darasa la sita," mwalimu akarudia bila kuinua macho. "Leo anakuja, kesho haji. Mwezi mzima ndiyo mtindo wake. Na mwenzake Zuleha Ramadhani, hivyo hivyo."

"Huyo wa kwangu anatoka nyumbani kila asubuhi. Amevaa sare. Uji nakunywa naye."

"Kutoka anatoka, Mwenyekiti. Hafiki."

Upande wa akina mama mtu akakohoa kikohozi kisicho na kifua. Kabula, mke wa Machibya, hakugeuka kutazama. Alijua ni Yustina, jirani yao wa ng'ambo ya kisima, na alijua Yustina ana haki ya kukohoa.

Sheria yenyewe aliileta Machibya. Alifika huku Kasekese akiwa mtoto, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, wakitokea Usukumani, na shule aliiona kwa mbali tu, kama mtu anavyouona moshi wa harusi asiyoalikwa. Alipopewa uenyekiti aliapa kwamba kijijini hapa hakuna mtoto mwingine atakayekua akitazama mikia ya ng'ombe. Faini aliikataa, alisema mwenye mifugo ataicheka. Mtoto akikosa shule bila taarifa, mzazi wake aje aponde kokoto za darasa jipya, mchana kweupe, watoto wakimwona. Kokoto zikapondwa kweli. Madawati yakajaa. Watu wakamwogopa Machibya, kisha wakamheshimu, na Kabula akienda kisimani alikuwa akipishwa.

"Mzazi wa Zuleha yuko wapi?" aliuliza Zakayo, mtendaji wa kijiji, akiwatazama watu mmoja mmoja.

Hakuna aliyesimama.

"Basi huyo ni mkaidi. Mgambo watamfuata nyumbani kwake." Kisha akamgeukia Machibya, sauti ikashuka. "La kwako tutalizungumza, Mwenyekiti."

Kabula alisikia ile "tutalizungumza," na uso ukamchoma kuliko lilivyomchoma jina la mwanawe.

*

Minza alikuwa anaosha vyombo nyuma ya jiko walipofika. Baba yake hakusubiri hata kuvua kofia.

"Siku ambazo hufiki shule unaenda wapi?"

Mtoto akaendelea kusugua sufuria.

"Kuna mvulana?"

"Hakuna, baba."

"Basi sema."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi!" Machibya alicheka kicheko kikavu. "Mimi namlisha, namvisha, namnunulia madaftari, kumbe ana mwajiri!" Akaenda zizini akachomoa fimbo.

Kabula alisimama kati yao. Hakupaza sauti. "Ukimpiga atakupa uongo wowote ili mkono wako upumzike. Mimi uongo siutaki." Akachuchumaa mbele ya binti yake. "Mayu wane, mama yangu, kuna mtu anakutisha?"

"Hapana, mama."

"Niambie basi."

"Niliahidi. Nikisema nitakuwa nimemuuza mtu."

Hakulia. Aliinua kidevu akatulia hivyo, na Kabula akakitambua kile kidevu. Alikuwa analala nacho kitanda kimoja mwaka hadi mwaka. Machibya naye labda alikitambua, maana aliitupa fimbo juu ya paa la banda la kuku, akaondoka.

Jua lilikuwa halijazama Zakayo alipofika na pikipiki yake. Alipewa kiti, akapewa maziwa mgando, akayasifu. Kabula alikuwa jikoni, ukuta wa matete katikati, akisikia kila neno.

"Mwenyekiti, jambo hili dogo," Zakayo alisema. "Tutasema mtoto alikuwa na malaria. Inakuja, inapoa, inarudi. Nani atabisha? Malaria ni yetu sote."

Machibya alivua kofia akaigeuza mkononi.

"Nyie ni watu wa kamati," Zakayo akaendelea. "Mwenyekiti akionekana anaponda kokoto, kesho nani atamsikiliza? Sio kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya sheria."

"Labda," Machibya alisema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Kabula akatoka jikoni, unga mikononi. "Mwanangu hajaumwa."

"Mama Minza, ni maneno tu ya kumalizia jambo."

"Sijawahi kumwazimia mtoto wangu ugonjwa, shemeji. Ugonjwa ukiitwa huja." Akamgeukia mumewe. "Kesho nitaenda kuponda."

"Mke wangu hatakaa kwenye kokoto mbele ya watu!"

"Mke wa Mabula alikaa. Yustina alikaa. Wao si wake za watu?"

Zakayo akayatazama maziwa yake. Machibya alikuwa mtu wa maneno, mikutano alikuwa akiishika kama kamba ya ndama. Lakini pale uani kwake, mbele ya mgeni, maneno yalimkimbia.

*

Asubuhi Kabula alivaa kitenge chake kizuri, kile cha sherehe, akafunga kilemba, akachukua nyundo ya kunyooshea jembe la ng'ombe. Alimshika Minza mkono akamfikisha hadi mlango wa darasa. "Leo utakaa hapa nikikuona," alimwambia. Mtoto alitaka kusema kitu. Macho yake yalikwenda barabarani, yakarudi. Akaingia.

Lundo la mawe lilikuwa kando ya msingi wa darasa jipya, mahali ambapo shule nzima inapaona. Kabula alitandika gunia akakaa. Wanafunzi waliokuwa mstarini walianza kusukumana viwiko, hata mwalimu wa zamu akapoteza maneno katikati ya matangazo.

Jiwe la kwanza liliruka likampiga mguu. La pili likamrukia kifuani. Yustina alikuwa anapita na ndoo. Akaitua.

"Leo jua limetokea wapi? Mke wa mwenyekiti!"

"Jua liko palepale, Yustina. Hebu nionyeshe linavyoshikwa hili jiwe."

Yustina alicheka mpaka akajifuta machozi, na Kabula akamwacha acheke. Alikumbuka kwamba siku ya Yustina yeye alipita njia hiihii, akamsalimia, akaendelea na safari kama aliyekuta mtu anaanika nguo. Kicheko kilipoisha, Yustina aliokota kipande cha mpira wa tairi kilichokunjwa kama pete, akachuchumaa.

"Unalizungushia hivi, halafu unapiga. Haliruki. Mimi siku ile sikuwa na wa kunionyesha." Akamtazama usoni. "Kwa nini hukukataa? Nyie mngeweza kukataa."

"Ndiyo maana nimekuja," Kabula alisema.

Yustina hakuharakisha kuichukua ndoo yake.

Wakati wa mapumziko, watoto walipomwagika nje, Kabula aliona msichana mmoja anakatiza nyuma ya vyoo, anaruka mtaro, anashika njia. Alimtambua. Akaiacha nyundo akamwahi kwenye mikaratusi.

"Zuleha! Unatoroka mbele ya macho yangu? Mgambo wanamtafuta mama yako, na wewe unaongeza?"

"Niache niende, Mama Minza. Yuko peke yake. Leo ilikuwa zamu ya Minza."

"Zamu ya nini?"

Zuleha akakaa chini palepale kwenye majani, kilio kikamtoka chote kwa pamoja. Mama yake, Salima, alijifungua kwa kupasuliwa huko Mpanda. Wamemrudisha, kidonda bado, ndoo hawezi kuinyanyua, kuinama hawezi. Baba yuko Ikola, ziwani, kwenye dagaa, anapiga simu, hawezi kurudi kabla msimu haujaisha. Yeye Zuleha alitaka kuacha shule kabisa.

"Minza akasema hapana. Akasema mmoja wetu akiacha shule, anapotea. Tugawane. Siku moja mimi nabaki na mama, siku moja yeye. Anayetoka shule anamfundisha mwenzake jioni, tukienda kuchota maji."

Kabula alikuwa amekwenda kumwona Salima baada ya kujifungua. Alimpelekea unga, akamsifia mtoto, akakaa kidogo, akaondoka. Maji ya kumnawisha mgeni yalikuwepo mlangoni. Hakuuliza aliyeyachota ni nani.

"Kwa nini hamkusema?"

Zuleha aliangalia vidole vyake. "Mama alishasema. Alikuja kwenu."

Ndipo Kabula akakumbuka. Salima alikuja na tumbo lake, siku zimekaribia, akamkuta Machibya uani na wageni wawili wa mnadani. Alisimama kwa sababu hakuna aliyemwinulia kiti. Aliomba binti yake apewe ruhusa, maana kliniki wamemwambia atapasuliwa. Na Machibya alijibu, "Nikikupa wewe ruhusa, kesho kila mtu atakuja na tumbo lake." Wageni wakacheka. Kabula naye alitabasamu, kwa sababu lilikuwa neno la mumewe na wageni walikuwepo. Salima akasema "Haya, asanteni," akaondoka.

*

Mwalimu Cletus alikuwa amewafuata, akidhani kuna ugomvi. Alisikiliza nusu ya habari amesimama, nusu nyingine ameegemea mti.

"Zile hesabu za sehemu," alisema mwishowe. "Nyie wawili mlijumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Kosa moja, madaftari mawili. Niliwachapa nikijua mmeibiana."

"Hatukuibiana, mwalimu," Zuleha alisema. "Siku hiyo shule nilikuja mimi. Nikaelewa vibaya, nikamfundisha vibaya."

Mwalimu alicheka kabla hajajizuia, halafu kicheko kikamwisha usoni, akageukia pembeni.

Walikuwa bado pale Machibya alipoingia kwenye uwanja wa shule na baiskeli, vumbi nyuma yake. Alikuwa amekutana na watu watatu njiani, na wote walimpa pole kama aliyefiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo, akamkuta mkewe anarudi kukaa kwenye gunia.

"Inuka. Twende nyumbani."

"Kaa kwanza usikie."

"Sikai juu ya mawe, Kabula!"

"Basi sikia umesimama."

Akamwambia. Hakupamba, hakupunguza, hata lile tabasamu lake mwenyewe alilitaja. Machibya aliushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Mkewe alipomaliza, aliomba Minza aitwe.

Mtoto alikuja na chaki kwenye vidole.

"Siku mama yake Zuleha alipokuja nyumbani, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba. Nilikuwa nawanawisha wageni."

"Kwa nini basi hukuja kwangu? Mimi ni baba yako. Ungeniita pembeni, tukae, unieleze."

Minza alimtazama bila kiburi na bila woga. "Ulikuwa umeshajibu."

Kabula aliona neno lile linavyoingia. Alimhurumia mumewe, na papo hapo kifua chake kikajaa kitu kingine: mtoto huyu ni wangu. Alikuwa amedhani ana binti mtoro, kumbe alikuwa na mtu mzima ndani ya sare ya darasa la sita.

"Zuleha," Machibya alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mikutano, "nenda kwa mama yako. Mwalimu, huyu ana ruhusa. Nimempa mimi. Minza, rudi darasani."

Akapanda baiskeli akaondoka.

"Mama Minza, na wewe nenda," mwalimu alisema. "Sababu imejulikana."

"Imejulikana leo, mwalimu. Siku zile hakukuwa na taarifa, na sheria inasema taarifa." Kabula akalizungushia jiwe lingine mpira. "Nikiondoka sasa, watasema mke wa mwenyekiti amepata njia. Nitamaliza."

Akamaliza. Mikono ilichubuka, kitenge kizuri kikawa cheupe kwa vumbi la mawe, na alipoinuka Yustina alikuwa amekuja tena, amekaa kando yake, anaponda bila kuulizwa na mtu.

*

Alasiri ile Kabula alipitia kisimani akaelekea kwa Salima na ndoo kichwani. Baiskeli ya mumewe ilikuwa imeegeshwa ukutani.

Ndani, Machibya alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, amemshika mtoto mchanga kama mtu aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Salima alikuwa ameegemea mto, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mama Minza, afadhali umekuja," Salima alisema. "Mumeo yuko hapa muda mrefu ananieleza habari za nyasi za paa. Anasema ataleta nyasi. Paa langu halivuji."

Kabula akatua ndoo. "Baba Minza. Sema ulichokuja kusema."

Machibya alimtazama mtoto. "Siku ile uliyokuja kwangu," alianza. Akakohoa. "Ulikuja na shida, mimi nikaifanya mzaha. Watu wakacheka. Halikuwa jambo la kuchekwa."

Salima hakusema "hamna neno," kama watu wanavyosema.

"Nililia njia nzima, Mwenyekiti," alisema. "Nikasema moyoni, kama nisingekuwa mtu wa kuja, mtu wa ziwani, asingenijibu vile."

"Hata mimi ni wa kuja," Machibya alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana iliniuma." Akanyoosha mkono. "Mshike kichwa, bado shingo haijakaza. Hivyo."

Machibya akamshika kichwa. Kabula alitoka nje kutafuta kuni, ili mumewe asionekane usoni na watu wawili kwa wakati mmoja.

*

Mkutano uliofuata ulijaa kuliko ule wa kwanza. Watu walikuwa wamesikia. Machibya alisimama akaeleza anachokitaka: kokoto zibaki, lakini mtoto akikosa shule, kabla mzazi hajaitwa, kamati ifike kwanza kwake iulize kuna nini. Na mwenye shida asikilizwe akiwa amekaa kwenye kiti.

Mabula aliinuka nyuma. Alikuwa mtu mkubwa, anachechemea. "Mwanangu alikosa shule kwa sababu mimi nilivunjika mguu, akawa anachunga yeye. Mke wangu akaponda kokoto zenu, mimi nikiwa kitandani. Hukuja kwangu kuuliza, Mwenyekiti. Leo jambo limefika kwako, sheria imekuwa laini."

Watu walinong'ona. Zakayo alinyanyua mkono kumnyamazisha, lakini Machibya akamzuia.

"Ni kweli, Mabula," alisema. "Lilikuwepo, nikawa silioni. Lilipofika kwangu ndipo nikaliona. Sina jibu lingine, na mkeo nitamwomba radhi mbele yako."

Watu walisubiri aongeze kitu, kama ilivyo kawaida yake. Hakuongeza. Alibaki amesimama na aibu yake mbele ya kijiji kizima, hakuifunika wala hakuikimbia, na Kabula aliona kwamba hajawahi kumwona amesimama wima kiasi kile. Mabula alikaa polepole. Mikono ikanyooshwa, ikawa mingi.

"Sasa nani atazunguka nyumba kwa nyumba?" mwalimu Cletus aliuliza. "Mimi nina madarasa mawili kwa mpigo. Anahitajika mtu atakayefunguliwa milango."

Wanaume wakaanza kuvitazama viatu vyao. Ndipo sauti ya Yustina ikatoka upande wa akina mama, safari hii bila kukohoa.

"Yupo Mama Minza."

Kabula hakuwahi kuzungumza mkutanoni. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa Salima, maana wanawake walikuwa wamepeana siku za kumsaidia mama yake, na hiyo ilikuwa ya kwake. Huko darasa la sita wasichana wote wawili walikuwa ndani. Alisimama taratibu, mtoto asiamke.

"Kuna ambao hamnijui kwa jina," alisema. "Naitwa Kabula. Milango yenu nitaibisha, na nikifika nitauliza, halafu nitanyamaza nisikilize." Akaliweka sawa fundo la kanga kifuani. "Mimi ni mama yake Minza, yule mtoro."

Kicheko kikapasuka pande zote, wanaume kwa wanawake, hata Mabula. Kabula hakuinamisha kichwa. Neno lile alilitamka kama mtu anavyoutaja ukoo wake.